Mtoro Aliyekula Pilau Nyumbani Kwangu

Vijana wangu, kila mkinikuta mnaniuliza lile lile: Mzee Nassor, ulipokuwa ukisaka watoro, ulibeba bastola? Nlibeba faili. Na ndani ya mkoba wa faili nlibeba tende, kwa sababu sukari yangu huwa inashuka. Hizo ndizo silaha zangu za miaka ishirini na mbili.

Nlikuwa mwajiriwa wa hapa hapa Maskati katika idara ya usalama ya ubalozi wa nchi moja ya mbali, nchi ya baridi, ambayo sitaitaja kwa sababu nlitia saini karatasi ya kutoitaja. Watu hudhani idara ile inalinda geti tu. Geti lilikuwa sehemu moja. Sehemu nyingine ilikuwa hii: mtu akifanya jinai kwao kisha akakimbilia huku, polisi wao hawawezi kupanda ndege wakaja wakamtia pingu. Wakishuka uwanjani hapa wana mamlaka sawa na mtalii aliyekuja kupiga picha. Kumkamata ni kazi ya polisi wa Oman, kumtoa ni kazi ya mahakama ya Oman. Sie tulikuwa watu wa katikati. Tunapeleleza kidogo, tunaandika barua, tunanywa kahawa na maofisa, tunaomba kwa adabu, tunangoja. Kwenye kungoja nlikuwa hodari. Kwenye kupeleleza, sikilizeni wenyewe.

Kulikuwa na faili moja lililokaa juu ya meza yangu miaka miwili. Ndani yake mlikuwa na picha ya mtu mnene, ndevu nyingi, jina lake Viktor. Asubuhi moja kwao aliendesha gari amelewa, akamgonga muuguzi wa miaka ishirini na tatu aliyekuwa akirudi kutoka kazini kwa baiskeli. Jina la muuguzi Klara. Viktor hakusimama. Madaktari walisema angalisimama akaita gari la wagonjwa, yule binti angaliishi. Alikamatwa, akapewa dhamana, na kabla ya hukumu akatoweka. Fununu zikasema yuko Maskati.

Mama yake Klara alikuwa akituandikia barua kila mwaka, mwezi ule ule aliofariki binti yake. Barua fupi. "Naomba kujua kama kuna jipya." Bwana Tomas, mkuu wangu, mtu mrefu asiyecheka bila sababu, alikuwa akinipa mie niandike jibu. Kila mwaka niliandika kwamba juhudi zinaendelea. Juhudi zenyewe nlikuwa mie.

Mwezi mmoja nikaamua nitamaliza kazi. Nlimuona mtu mtaa wa Qurum, anashuka garini mbele ya jengo la ofisi. Mnene, ndevu nyingi. Nlimfuata kwa miguu mpaka nikahema. Nikasoma kibao mlangoni: daktari wa meno. Kwangu mie hiyo ilikuwa ithibati kamili, kwa sababu mtoro mwenye akili atajificha pahala ambapo hakuna mtu anayetaka kwenda. Nikamkimbilia Kapteni Khalfan wa polisi, aliyekuwa akishughulikia maombi yetu, nikamwambia nimempata.

Kapteni Khalfan alikuwa kijana kuliko mie, mpole, na alikuwa na tabia ya kunyamaza mpaka mtu ajute. Akaenda kuuliza kwa upole. Akanipigia simu siku ya pili.

"Mzee Nassor," akasema, "yule daktari ana miaka kumi na tisa hapa. Hajapata kufika nchi ya ubalozi wenu. Na ndiye anayemtibu mama yangu."

Nikalifunga faili.

"Mie sitamuomba radhi kwa niaba yako," akasema. "Utakwenda mwenyewe."

Nikaenda. Daktari alinikaribisha vizuri, akasikiliza radhi zangu, kisha akanambia nifungue mdomo kidogo, maana nlipokuwa nikizungumza ameona jambo asilolipenda. Nlikwenda kuomba radhi, nikarudi nyumbani na pengo. Mke wangu, Bi Zuwena, akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia ni mambo ya kazi, siri.

Aliyenifunza kazi baada ya aibu ile hakuwa Bwana Tomas. Alikuwa Mama Akoth, Mkenya wa Kisumu, msimamizi wa zamu ya walinzi getini. Mama huyu alisimama pale juani miaka kumi na moja akiangalia nyuso za watu wanaoingia, na mtu akija mara moja akarudi baada ya miaka mitatu, anamkumbuka. Nikamuonesha picha ya Viktor, nikamlalamikia kwamba dunia nzima ina watu wanene wenye ndevu.

"Sasa Mzee, wewe unaangalia ndevu za nini?" akaniuliza. "Ndevu mtu ananyoa leo. Tumbo linaisha akikosa chakula. Angalia sikio. Sikio atalipeleka wapi?"

Akaweka kidole chake juu ya picha. Sikio la kushoto lilikuwa limekatika kidogo kwa juu, kama limeumwa na kitu. Miaka miwili ile picha ilikuwa mbele yangu, na nlikuwa nikiweka gilasi ya chai juu yake.

Basi likumbukeni hilo, nyinyi mnaotaka kuingia kazi hizi. Sikio, mwendo, namna mtu anavyokaa kitini. Na mwenye kulinda geti ana ilimu kuliko mwenye ofisi.

Sasa nnaingia kwenye aibu kubwa, ile ya daktari ilikuwa mazoezi.

Zamani zile nlikuwa nna tabia ya kwenda Yiti, kijiji cha wavuvi, kila Ijumaa baada ya sala, kununua samaki. Njia ya Yiti ina milima, na gari langu lilikuwa na umri wa kustaafu kabla yangu. Siku moja likachemka nikakwama kwenye mteremko. Akatokea mtu na pikapu, mzungu mwembamba, hana ndevu, amevaa kofia ya jua yenye mapindo marefu yanayofunika masikio na shingo. Hakusema neno. Akafungua boneti, akakata kipande cha mpira, akafunga kwa waya, akatia maji, akanambia twende. Tukazungumza kwa Kiarabu cha kuvunjika, chake kimevunjika kuliko changu. Jina lake Marko. Alipanga chumba Yiti, akiwatengenezea wavuvi mashine za boti. Nikamuuliza nimpe nini, akasema nikipita tena nimletee kahawa ya nyumbani.

Nikapita tena. Nikapita Ijumaa zote za mwaka mmoja na nusu. Tunakaa nje ya karakana yake, kofia yake ya jua haivui, tunanywa kahawa, ananifundisha jinsi ya kusikiliza mashine, namfundisha maneno ya Kiswahili. Watoto wa pale walimpenda. Wavuvi walimwita kwenye chakula. Nikimuuliza habari za kwao alikuwa akisema, "Huko hakuna mtu wangu," nami nikamuonea huruma. Yeye akiniuliza kazi yangu, nikamwambia nnafanya kazi ya makaratasi Qurum. Hilo lilikuwa sharti la ofisi, na ndilo sharti pekee nililowahi kulifuata sawasawa. Lau ningelivunja siku ya kwanza, angetoweka siku ya pili.

Binti yangu alipoolewa, nikamwalika Marko. Alikuja kavaa kanzu niliyomshonea kwa fundi wa Wadi Kabir, na kofia ya mkono aliyoshona Bi Zuwena. Akala pilau kwa mkono, vizuri kabisa. Wazee wakamsifu. Nikampiga pambaja mbele ya mpiga picha.

Wiki mbili baadaye nikaenda getini na simu yangu kumuonesha Mama Akoth picha za harusi. Anatazama, anasifu, bibi harusi ni mzuri, ukumbi ni mzuri. Kisha akasogeza uso karibu na simu.

"Mzee, rudisha hiyo nyingine nyuma."

Nikarudisha.

"Huyu umemshika hivi ni nani?"

"Marko, sahibu yangu wa Yiti. Fundi wa mashine."

Mama Akoth akaikuza picha kwa vidole viwili. Kofia ya mkono, kama mjuavyo, hukaa juu ya masikio. Haifuniki kitu.

"Mzee Nassor," akasema taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, "huyu si ndiye yule wako wa faili?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia masikio ya watu hukatika. Nikamwambia Viktor ni mnene na huyu ni mwembamba, Viktor ana ndevu. Nikasikia mwenyewe ninachokisema, nikakaa juu ya kiti cha mlinzi.

Nataka mnielewe hapa, sitaki mnidhanie bora kuliko nilivyokuwa. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa Klara. Lilikuwa aibu yangu: kwamba mtu nnayemsaka nimemlisha pilau na kumshonea kanzu. La pili lilikuwa Marko mwenyewe, kwamba mikono ile iliyofunga mpira wa gari langu ndiyo iliyoshika usukani akakanyaga mafuta na kumuacha binti wa watu barabarani. Sikuweza kuviweka pamoja. Nikasimama, nikatoa ufunguo wa gari mfukoni.

"Unaenda wapi?" Mama Akoth akaniuliza.

"Yiti. Nimuulize tu. Huenda kuna maelezo."

"Ukienda utamwambia. Hata usiposema, huo uso wako utasema. Na akitoroka, ile barua ya mwaka ujao utaijibu vipi?" Akashika mkono wangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mimi nina binti nyumbani Kisumu, anasomea uuguzi. Enda juu kwa boss wako, tafadhali."

Nikapanda juu. Nikamuonesha Bwana Tomas simu yangu. Aliitazama picha muda mrefu, akanitazama mie, akaitazama tena picha.

"Huyu aliyemkumbatia ni wewe?"

"Ndiyo."

"Kwenye harusi ya binti yako?"

"Ndiyo."

Nliwaambia kwamba Bwana Tomas hacheki bila sababu. Siku ile aliona sababu anayo. Alipomaliza akafuta macho, akafunga mlango, na kazi ikaanza.

Nyinyi mnaodhani baada ya hapo zilikwenda gari na ving'ora, hapana. Sikio peke yake si ushahidi, na kwa sababu ya yule daktari wa meno neno langu lilikuwa limeshuka bei. Ikaandikwa barua rasmi kwa polisi wa hapa. Mgeni akipewa kadi ya ukaazi huacha alama za vidole, na alama zile ni mali ya serikali ya hapa. Huwezi kuiba gilasi aliyonywea mtu ukaipeleka maabara. Ukifanya hivyo kesi inakufa mahakamani na urafiki na polisi unakufa kabla yake. Basi tukaomba, tukangoja kwa wiki tano.

Na wiki tano zile, Kapteni Khalfan akanambia, "Endelea kwenda Yiti kama kawaida. Ukikata ghafla atashtuka."

Zilikuwa Ijumaa tano ngumu. Nlikuwa nikifika pale, kahawa naiacha ipoe, nazungumza mambo yasiyo na kichwa. Marko akadhani naumwa, akanipikia uji. Kwa wasiwasi nlikuwa nikinunua samaki bila hesabu, nikirudi nyumbani na jodari wa kulisha mtaa. Ijumaa ya nne Bi Zuwena akaniweka kitako.

"Nassor, friza imejaa. Niambie kweli, umeoa mke Yiti?"

Nikamwambia ni mambo ya kazi, siri. Akasema siri ile ya meno au siri mpya.

Majibu yakaja. Vidole ni vya Viktor, na pasi aliyoingilia nchini ilikuwa ya nduguye Marko, ambaye yuko kwao salama wala hana habari. Hakimu akatoa hati ya kukamata. Kapteni Khalfan hakutaka kumkamata Yiti mbele ya watoto wanaompenda. Alingoja siku Viktor alipokwenda mwenyewe kutengeneza upya kadi yake ya ukaazi, akamwita pembeni, akamueleza, akamtia pingu bila kelele. Mie nlikuwa nje garini. Kazi yangu ilikuwa kuthibitisha kwa macho tu, na nlitakiwa nisionekane. Bila shaka nikashuka garini.

Viktor alitoka kati ya maaskari wawili. Aliponiona uso wake ukafunguka.

"Nassor," akasema, "alhamdulillah. Waambie unanijua."

Nlikuwa nimetayarisha maneno ya siku kama ile kwa miaka. Yote yakanipotea.

"Nakujua," nikamwambia. "Mie ndiye niliyewaambia."

Alinitazama kama mtu anayetafuta kosa kwenye mashine, akifuata waya mmoja mmoja mpaka akalipata. Kisha akainamisha kichwa akaingia garini.

Mahakama ya hapa ilichukua miezi kukubali ombi la kumrejesha. Alipewa wakili na mkalimani, akasikilizwa. Wakaja maofisa wawili kutoka kwao kumchukua, na mie nikaambiwa niende pamoja nao, kwa sababu nlitakiwa nieleze mahakamani jinsi alivyotambuliwa. Maana yake, picha ya harusi ya binti yangu ilikuwa imekuwa kielelezo, na mie nimo ndani yake natabasamu.

Kumsafirisha mtu kwa ndege ya abiria ni ufundi wake. Mnapanda kabla ya watu wote, mnakaa safu ya mwisho, yeye kati, ofisa kila upande. Rubani anaarifiwa. Pingu zinafunikwa koti, maana huyu bado hajahukumiwa na ana heshima yake. Chakula chake hakina kisu. Mie nlikaa safu ya mbele yao nikiwa na jukumu moja, kutulia. Ndege ilipoanza kutikisika juu ya milima, tumbo langu likakataa. Nikageuka nyuma kutafuta mfuko, maofisa wote wawili wamelala usingizi wa mchana. Aliyenipa mfuko ni Viktor. Alinyoosha mikono yote miwili pamoja, hana namna nyingine, koti likaanguka, akaushika mpaka nikamaliza. Abiria wa safu ya pembeni aliona mzee anatapika kwenye mfuko ulioshikwa na mtu mwenye pingu, akageuza macho yake dirishani.

"Tangu lini ulijua?" akaniuliza Viktor, nlipojifuta mdomo.

"Tangu picha za harusi."

"Na uji ulikula."

"Nlikula."

Akatikisa kichwa. Baadaye, mie nikidhani kalala, akasema, "Nlimuona kwenye kioo cha nyuma. Alikuwa akijaribu kukaa kitako." Nikaliokota koti, nikamfunika tena pingu. Mahakamani akakubali kosa lake bila kubishana, na hilo neno la kioo akalisema mwenyewe mbele ya watu.

Siku nliyotoa ushahidi, wakili alionesha picha ya harusi kwenye skrini kubwa ukutani. Hakimu akaniuliza mshtakiwa ni yupi, nikasema ni huyo wa kulia. Akauliza aliyemkumbatia ni nani. Nikasema ni mie, mheshimiwa, mpelelezi. Ukumbi mzima ukacheka, hata karani. Mtu mmoja tu hakucheka, mama mfupi wa kimo aliyekaa safu ya kwanza na mkoba mapajani.

Alinifuata nje ya ukumbi, pamoja na mkalimani. Akasema yeye ni mama yake Klara na kwamba analijua jina langu, liko chini ya barua. Nikatamani sakafu inimeze, nikikumbuka juhudi zangu zinazoendelea. Hakunitajia barua. Aliniuliza, "Alikuwa akiishi vipi huko?"

Nlijua ninalotakiwa kusema. Maofisa walikuwa wameshamwambia: kwa hofu, mafichoni, maisha ya panya. Lakini mama huyu alikuwa amekaa siku nzima akinitazama nimemkumbatia, sikuona vipi nitamdanganya.

"Aliishi vizuri," nikasema. "Alikuwa fundi mzuri. Watoto walimpenda. Mie pia nlimpenda, bibi. Unisamehe."

Mkalimani alisita kabla ya kutafsiri. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mkoba, akatoa kitambaa, hakukitumia, akakirudisha.

"Miaka yote wananiambia ni mnyama," akasema. "Mnyama hapelekwi mahakamani. Mimi nlikuwa nataka niletewe mtu. Ahsante kwa kuniletea mtu."

Akanipa mkono, akarudi ndani kukaa pahala pake. Nikafungua mkoba wangu wa faili pale pale, nikala tende moja, maana sukari yangu ilikuwa imeshuka.